Kabati la Vitabu na Ufunguo Wake

Katika kikao kimoja cha baraza la wazee wa usharika wetu hapa Busi, ajenda ya nne iliandikwa kwa maneno matatu tu: kabati la vitabu. Ajenda tatu za mwanzo, yaani paa la kanisa, sadaka ya mavuno na darasa la kipaimara, tulizimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Hiyo ya nne ilitukalisha mpaka giza likaingia, na tukafunga kwa sala bila kuafikiana.

Chanzo chake kilikuwa mgeni. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kirangi aliyepita miaka sabini, Mwislamu, alipiga hodi ofisini siku ya Jumatano. Baada ya kuulizana habari za mvua, mifugo na watoto, alisema, "Mchungaji, nimesikia mna vitabu humo kanisani. Na sisi wa msikitini tunaruhusiwa kuazima?" Tulimjibu, "Karibu mzee wetu, keti kwanza," kwa sababu jibu lenyewe hatukuwa nalo. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtunza hazina, na mtunza hazina alikuwa shambani.

Mzee huyo hakuja kutafuta dini. Alitaka kitabu cha historia, chochote, mradi kiwe cha habari za watu wa huku bara. Herufi za Kiarabu alijifunza madrasa akiwa mtoto, na hizi zetu za a, e, i, o, u alijifunza katika darasa la kisomo miaka ya sabini, akiwa kijana aliyekwisha kuoa. Tangu wakati huo, alituambia, amekuwa akisoma kile kinachomfikia: gazeti lililofungiwa sukari, karatasi ya maelezo ya dawa ya mifugo, mabango ya uchaguzi.

Barazani wazee waligawanyika, na waliokataa tusiwadharau. Mmoja alisema vitabu vile vilinunuliwa kwa sadaka ya Wakristo. Mwingine alisema kitabu kikitoka kimekwenda. Wa tatu alikuwa na hoja nzito kuliko zote: hapa kwetu tunazikana na kualikana harusini bila kuulizana dini, sasa tukianza kugawa vitabu kutoka kanisani, watu wasije wakasema tunawavuta watoto wao kwa hila. Tuliomba tupewe mwezi mmoja, turudi na historia ya jambo hili ili tusiamue kwa hisia. Tulidhani ingekuwa kazi ya ukurasa mmoja.

Tuanze na Martin Luther, ambaye sisi Walutheri humtaja sana kila mwezi wa Oktoba, kisha tukampumzisha mpaka Oktoba nyingine. Mwaka 1524 aliandika barua ndefu kuhusu shule. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa barua hiyo kama msingi wa elimu ya Kilutheri, wavulana kwa wasichana, na ndivyo ilivyo. Lakini wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na anayesoma kwa ajili ya mtihani hafiki mwisho. Mwishoni kabisa Luther anageukia maktaba. Anasema kwamba asionewe choyo mtu wala fedha ili maktaba nzuri zipatikane, hasa katika miji mikubwa, kwa kuwa Injili na maarifa yote yasipohifadhiwa katika vitabu yatapotea. Anakumbusha kwamba hata manabii na mitume waliandika, hawakutosheka na kuhubiri.

Angalia barua hiyo aliwaandikia akina nani. Hakuwaandikia maaskofu wala wachungaji. Aliwaandikia wajumbe wa mabaraza ya miji yote ya Ujerumani, watu ambao leo tungewaita madiwani. Kwa hiyo alichokuwa akikidai kilikuwa ni maktaba ya watu wote, inayolipiwa kwa fedha ya mji, si kabati la mchungaji.

Halafu anataja vitabu vya kuwekwa humo, na orodha yake ilitushangaza. Kwanza Maandiko Matakatifu, kwa Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani na lugha nyingine zitakazopatikana, pamoja na wafafanuzi walio bora. Baada yake vitabu vya kujifunzia lugha, wakiwamo washairi na wasemaji wa kale, bila kuuliza kama walikuwa wapagani au Wakristo. Kisha vitabu vya maarifa mbalimbali, vya sheria na vya tiba. Mwisho anaweka historia, na hapo kalamu yake inachangamka. Anasema historia inafaa ajabu kwa kuuelewa mwenendo wa ulimwengu na kuyaona matendo ya Mungu. Tena anawasikitikia Wajerumani wenzake: mambo mengi mazuri yalitendeka na kusemwa katika nchi yao zamani, na hakuna anayeyajua, kwa sababu hakuna aliyeyaandika wala kuyatunza.

Tulipofika hapo tuliweka kitabu chini. Mzee wetu wa Jumatano alikuwa ameuliza jambo lile lile.

Kutoka Wittenberg hadi nyanda hizi kavu za Dodoma ni mbali, na hatutaki kujifanya kwamba njia ilinyooka. Kusoma hapa hakukuletwa na wamishenari peke yao. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara, na madrasa zilifundisha watoto kusoma kabla ya shule nyingi za misheni kujengwa. (Wako wanaopenda kusema kwamba michoro ya miambani kule Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ndiyo maktaba yetu ya kwanza. Ni usemi mzuri kwa watalii. Michoro ni michoro, na ina heshima yake bila kuitwa maktaba.) Mishenari walikuja na mitambo ya kupigia chapa, Biblia, tenzi, katekisimu na vijigazeti. Tunawashukuru. Ila vitabu vyao vingi viliuzwa, au vilitolewa kwa mwanafunzi wao na kwa mwumini wao. Kuazimisha kitabu kwa mtu yeyote, bila kumwuliza ni wa nani, ni jambo lililokuja baadaye.

Lilikuja katika masanduku. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha shirika la pamoja la vitabu, East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Mkurugenzi wake wa kwanza, Charles Richards, alikuwa ametoka katika duka la vitabu la misheni ya Kianglikana. Shirika hilo lilichapisha vitabu vya lugha zetu, na zaidi ya kuchapisha, liliviazimisha. Masanduku ya vitabu yalipelekwa katika vilabu, shule na majumba ya maendeleo, yakakaa kwa muda, kisha yakabadilishwa. Msomaji aliyekuwa mbali zaidi aliweza kuletewa kitabu kwa posta, akakisoma, akakirudisha kwa posta. Kwa vijana wa leo, wanaotumiana kitabu kizima kwa simu, huenda jambo hili ni dogo. Sisi linatugusa: mtu asiyejulikana anaaminiwa kitabu na mtu asiyemwona.

Na shirika hilo hilo ndilo lililomtoa mwandishi wa kwetu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 karibu na mji wa Dodoma, Mgogo, Mkatoliki, mtumishi wa serikali, mshairi kwelikweli. Mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichapishwa kwa Kiswahili. Baadaye aliandika tenzi za Injili na za Zaburi, akakiongoza chama cha washairi, UKUTA, na akafariki mwaka 1969. Alichokililia Luther kwa Wajerumani, Mnyampala alikitenda kwa Wagogo. Aliwauliza wazee, akaandika, kikachapishwa, kikaingia kwenye masanduku na katika maktaba. Mwaka huo huo wa 1954 Waanglikana walianzisha Central Tanganyika Press pale Dodoma, na chuo chetu cha theolojia kilihama kutoka Lwandai kwenda Makumira. Mtu angesema mkoa huu na kanisa hili vilikuwa vimekubaliana kuhusu vitabu.

Uhuru ulipokuja, mambo yalikwenda upesi. Sheria ya kuunda huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, mwaka ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana tarehe 19 Juni kuwa KKKT. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba za mikoa zilifuata moja baada ya nyingine, na sheria mpya ya mwaka 1975 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo hata sasa. Hayo yameandikwa kwingine kwa urefu, hatutayarudia.

Tukae zaidi kwenye kisomo, maana hapo ndipo Busi inaingia.

Wakati wa uhuru watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1967 wasiojua walikuwa kama theluthi mbili. Katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya, Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na kampeni kubwa ikafuata. Walimu wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi na wazazi wao jioni. Mtu yeyote aliyejua kusoma aliweza kuitwa kufundisha. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilihusu mambo ambayo mkulima anayajua: pamba, mahindi, ng'ombe, malezi ya nyumbani. Mwaka 1973 redio ilianza kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Mtihani wa taifa wa kisomo ulipofanyika mwaka 1975, wasiojua kusoma walionekana kushuka hadi asilimia 39, mwaka 1977 asilimia 27, na mwaka 1986 walikadiriwa kuwa kama asilimia 10. Nchi maskini, bila fedha, kwa chaki na taa ya chemli. Sisi tuliozaliwa baadaye hatujaona jambo linalofanana na hilo.

Kuna bibi katika usharika wetu ambaye bado anatunza cheti chake cha kisomo ndani ya Biblia, penye kitabu cha Ruthu. Tulipomwuliza alisoma nini baada ya kupata cheti, alicheka. "Baba Mchungaji, nilisoma cheti."

Waliopanga kampeni waliliona tatizo hilo mapema. Walijua kwamba mtu akijifunza kusoma, kisha akakosa cha kusoma, hurudi alikotoka. Ndiyo maana maktaba za vijiji zilianzishwa pamoja na kisomo. Kwa kawaida haikuwa nyumba. Lilikuwa kabati au sanduku katika ofisi ya kijiji au kona ya darasa, lina vijitabu, na mtu mmoja wa kulitunza, mara nyingi mwalimu. Kanda ya Ziwa walipata hata gazeti lao la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, kuanzia mwaka 1974.

Kisha njaa ya karatasi ikaingia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na lile shirika la vitabu la Nairobi likaenda nayo. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, upungufu wa fedha za kigeni. Vitabu vilivyokuwamo kwenye makabati ya vijiji vilichakaa, vipya havikuja, mwalimu akahamishwa, ufunguo ukabaki na mwenyekiti, mwenyekiti akabadilishwa. Hakuna aliyetangaza kufunga maktaba za vijiji. Mzee wetu wa Jumatano anasema kabati la kijijini kwao lilikuja kuwekwa mbegu.

Hatupendi habari hii isimuliwe kana kwamba ni kosa la serikali peke yake. Katika miaka ile, kanisa lilikuwa na mahali pa kukutania katika karibu kila kijiji lilikofika. Lilikuwa na wainjilisti wanaojua kusoma, na lilikuwa na marafiki ng'ambo waliotuma vitabu. Tulifanya nini na vitabu hivyo? Katika usharika mmoja tuliowahi kuhudumu, mbali na hapa, tulikabidhiwa sanduku la bati la vitabu likiwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa umepotea kwa miaka mingi, na kila mchungaji aliyepita alilikabidhi kwa aliyemfuata kwa maandishi, kama mali ya kanisa. Nasi tulilitia sahihi. Siku tulipolivunja kufuli tulikuta chini kumetoboka kwa kutu, mchwa wamepandia hapo. Kilichobaki kilikuwa majalada na udongo. Sanduku lile lilitunzwa kwa uaminifu mkubwa.

Tangu siku hiyo hatuwezi kusoma 2 Wafalme 22 kama zamani. Tunapoihubiri sura ile husifu toba ya mfalme Yosia, aliyeyararua mavazi yake aliposikia maneno ya kitabu cha torati. Tunapita haraka juu ya swali la aibu: kitabu kilipatikana wapi? Kilipatikana ndani ya nyumba ya Bwana. Hakikuibwa na wapagani, hakikuchomwa na adui. Kilikuwa humo humo, chini ya ulinzi wa makuhani, na hakuna aliyekuwa akikisoma.

Ili tukamilishe kazi ya baraza tulikwenda Dodoma. Tangu barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, safari kutoka Kondoa mjini ni nyepesi. Tulikaa siku mbili katika Maktaba ya Mkoa. Hapo tuliona jambo ambalo pengine watu wa mjini wamelizoea mno wasilione. Meza moja: msichana wa sekondari mwenye hijabu, kijana mwenye rozari shingoni, mstaafu na miwani yake akisoma gazeti la juzi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake dini. Mkutubi alitusikiliza, akaingia ndani, akarudi na vitabu vitatu ambavyo hatukujua kama vipo. Hakutuuliza tunavitakia nini. Tukajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu aliingia ofisini kwetu kanisani akahudumiwa namna hiyo.

Tulijifunza pia kwamba wapo waliokuwa wakifanya kazi hii wakati sisi tumelala. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991, baada ya miaka ile mibaya. Unasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto, kisha nakala zinapelekwa katika maktaba za shule. Huko ndiko vilikotoka baadhi ya vitabu ambavyo wajukuu wa bibi yetu wa cheti wamevisoma.

Tulirudi barazani na kurasa kumi na moja. Tulisoma habari ya Luther na madiwani, tukasoma habari ya Yosia. Tukawakumbusha wazee kwamba Mtume Paulo, mfungwa, baridi ikimkaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho na vitabu pamoja (2 Timotheo 4:13). Kisha tuligusia neno moja la lugha yetu: kwa Kiswahili anayetoa kitabu kwa muda anaazima, na anayekichukua naye anaazima. Neno ni hilo hilo. Mzee aliyesema kwamba kitabu kikitoka kimekwenda alitabasamu kidogo, akasema, "Mchungaji, hapo umetuzunguka."

Hoja ya hila hatukuipuuza. Tulikubaliana kwamba kabati litolewe ofisini liwekwe barazani pa jengo la shule ya Jumapili, ambako mtu haingii kanisani ili kulifikia. Vitabu vya ibada vikae rafu ya chini, vya afya, kilimo, historia na hadithi rafu za juu. Mtoto asiye wetu asipewe kitabu cha dini bila mzazi wake kujua. Mzee mmoja aliongeza kwamba twende kwa imamu kumweleza kabla hatujaanza, si baada ya kuanza. Tulikwenda. Alitupokea vizuri, akatupa kahawa, na akauliza kama kuna kitabu cha hesabu za darasa la saba.

Baraza lilipitisha kwa miezi mitatu ya majaribio, kura saba kwa nne. Miezi hiyo imekwisha na hakuna aliyeleta tena ajenda ya kufunga. Kaunta buku letu lina majina ya waazimaji hamsini na watatu, zaidi ya nusu yao si Walutheri. Vitabu vinne havijarudi. Kimoja tunajua kiliko, kwa kuwa mwenye nacho hutukwepa sokoni. Kufuli limebaki mlangoni, ila ufunguo unaning'inia kwenye msumari pembeni yake, kwa ajili ya mbuzi zaidi kuliko watu.

Mzee wetu wa Jumatano alipewa kitabu cha kwanza, historia ya Tanganyika iliyoachwa na mwalimu mmoja mstaafu. Alikirudisha baada ya majuma mawili, kimevikwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Alisema ni kizuri, lakini Warangi wametajwa mara mbili tu, na mara moja kimakosa. Akauliza kama tunacho kingine. Hatukuwa nacho. Sasa kila Jumamosi hukaa na mjukuu wake wa kidato cha pili, yeye akisimulia, binti akiandika. Wamo katika daftari la pili. Juzi alituma kuuliza kama tunaweza kumpatia la tatu, lenye kurasa nyingi zaidi.